Kashata na Tofi za Krismasi Kutoka Jikoni Mwako

Desemba ni mwezi wa watoto kukaa nyumbani. Shule zimefungwa, shangazi na wajomba wanawasili kutoka mjini, na kila mgeni aingiapo uani hutazamwa mikono kabla ya kutazamwa uso. Amekuja na kitu gani kitamu? Siku hizi peremende za karatasi ya kung'aa zapatikana katika kila kioski, wala hatusemi kwamba ni dhambi kuzinunua. Lakini mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa, au mwenye nusu gunia la njugu ghalani, hana sababu kubwa ya kumpelekea mwenye duka fedha ambazo Januari zitatakiwa shuleni.

Peremende za Krismasi zaweza kupikwa nyumbani, nazo zilipikwa nyumbani kwa miaka mingi. Kashata ya njugu, kashata ya nazi, tofi ya maziwa, vidonge vya simsim: karibu kila jamaa ina moja ambayo nyanya aliipika bila kutazama kitabu chochote. Shida ni kwamba wengi tulikumbuka utamu wake tukasahau mapishi. Mtu hujaribu mara moja, sukari ikaungua, au ikaganda kama chumvi, au ikakataa kabisa kushikana, naye husema, "Mkono wa mama ulikuwa na baraka, wangu hauna." Sivyo. Mama alijua kuitazama sufuria, na jambo hilo hufundishika.

Sisi watu wa skimu tuna sababu zaidi ya kujifunza. Tangu mwaka wa 1962, mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza, jamaa nyingi zilihamia Nyandarua na sehemu nyingine za nyanda za juu, na katika miaka ya 1970 wengine waliteremka hata Lamu, kwenye skimu ya Ziwa Kenyatta pale Mpeketoni. Walibeba majembe, mbegu, kuku na mapishi ya mama zao. Jembe hufanya kazi popote penye udongo. Mapishi ya sukari hayahami kwa urahisi namna hiyo, nasi tutaona kwa nini.

Jinsi sukari inavyoiva

Ukitia sukari katika maji na kuchemsha, sukari huyeyuka ikawa shira. Maji hutoka kama mvuke, sukari hubaki. Kadiri maji yanavyopungua, ndivyo shira inavyozidi kuwa nzito, tena ndivyo inavyozidi kuwa moto kuliko maji matupu. Maji matupu kule pwani huchemka kwa nyuzi 100, na hayapandi zaidi ya hapo hata ukiongeza kuni. Shira haina mpaka huo. Shira ya kashata laini hufika nyuzi 115 hivi. Shira ya peremende ngumu, zile za kuvunjika kwa meno, hufika 150. Sukari tupu iliyoyeyushwa bila maji mpaka ikapata rangi ya asali hupita 160. Basi ulaini au ugumu wa peremende hutokana hasa na maji yaliyosalia ndani yake: yakibaki mengi ni laini, yakibaki machache ni ngumu.

Sasa mlima unaingia jikoni. Huku juu hewa ni nyepesi, na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kwa kila mita 300 hivi unazopanda kutoka usawa wa bahari, hupungua nyuzi moja. Kinangop na Ol Kalou, kwenye mita 2,400 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 92. Shira nayo hupungua kwa kadiri iyo hiyo. Ile iliyo tayari kwa nyuzi 115 Mpeketoni, kwenye tambarare karibu na bahari, huku Nyandarua huwa tayari kwa nyuzi 107 hivi. Mtu akinunua kipimajoto na kitabu cha mapishi kilichoandikiwa watu wa pwani, akangojea mpaka 115 itimie, atapata kitu cha kutengenezea ukuta.

Saa pia haiaminiki. Kuni za mkaratusi mkavu, makaa ya jiko dogo na moto wa gesi havina nguvu moja, na sufuria pana hukausha maji upesi kuliko sufuria nyembamba ndefu. Mtu akikwambia, "Chemsha dakika kumi," muulize ni kumi za jiko gani.

Kipimo kisichodanganya, juu ya mlima na kando ya bahari, ni kikombe cha maji baridi. Kiweke karibu nawe. Shira ikianza kuwa nzito na mapovu yake kuwa makubwa yenye uvivu, epua sufuria kidogo ili isiendelee kuiva unapopima, kisha dondosha matone mawili matatu ya shira ndani ya kikombe. Ingiza vidole humo majini uyakusanye. Yakitawanyika na kupotea, rudisha sufuria motoni. Yakikusanyika yakawa kidonge laini, ambacho ukikitoa majini hulala kama kitu kilichochoka, hiyo ni shira ya kashata ya nazi na ya tofi ya maziwa. Kikibaki duara na kukataa kubonyea upesi, sasa una tofi ngumu ya kutafuna. Matone yakilia "ka!" mara yanapogusa maji, na ukiyakunja yakavunjika kama kioo, hiyo ni peremende ya kumumunya. Badilisha maji ya kikombe kila unapopima, kwa sababu maji yaliyokwisha pata moto hutoa habari za uongo.

Nyanya zetu waliyajua haya kwa majina mengine. Mmoja alisema shira "imevuta uzi", mwingine alisema "imekaa". Ukisikia neno la namna hiyo katika mapishi ya jamaa yako, usilipuuze. Ndilo kipimo chenyewe.

Moto huu si wa watoto

Kabla ya kutaja kashata hata moja, ni lazima tuseme juu ya hatari. Maji ya chai yakimwagikia mkono huteremka. Shira haiteremki. Ina moto kuliko maji yanayochemka, tena hunata kwenye ngozi ikaendelea kuunguza. Mtoto aliyevuta mpini wa sufuria ya shira aweza kubaki na kovu maisha yake yote, na Krismasi ya nyumba nzima ikamalizikia hospitalini.

Basi weka sheria. Siku ya kupika shira, watoto wadogo wakae nje pamoja na mtu mzima mwingine. Jiko lisiwe chini mlangoni ambapo mtu hupita. Mpini wa sufuria ugeuzwe upande wa ukuta. Mwiko uwe mrefu wa mti, kwa kuwa kijiko cha chuma hupeleka moto mkononi. Sufuria isijazwe kupita nusu, hasa ya maziwa, ambayo hufura ghafula. Na yule mtoto anayengoja kuramba mwiko, angoje mpaka mwiko upoe kabisa. Kazi zake zipo: kuchambua njugu, kupaka sinia mafuta, kukata karatasi za kufungia.

Mtu akiungua, mpeleke kwenye maji safi ya baridi papo hapo, uyaache yateremke juu ya jeraha kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, wala mafuta ya kupikia, wala unga, wala yai. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Sukari iliyoshika ngozi usiibandue kwa nguvu. Kisha funika kwa kitambaa safi, mpeleke kituo cha afya, na kama ni mtoto mdogo, au ameungua usoni, usingoje kuona kama kutakucha vizuri.

Njugu zichaguliwe kabla ya kukaangwa

Kashata ya njugu ndiyo nyepesi kuliko zote, lakini kazi yake kubwa huja kabla ya moto kuwashwa. Mimina njugu kwenye uteo, mahali penye mwanga wa jua, uzitazame moja moja. Toa zilizonyauka, zilizopasuka, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, na kila moja yenye vumbi la kijani, la manjano au jeusi. Hilo ni kuvu, na kuvu la njugu huweza kutoa sumukuvu.

Msomaji aweza kusema kwamba babu zake walikula njugu kuukuu wakaishi miaka 90. Huenda. Lakini mambo yaliyojulikana baadaye hayaruhusu mchezo. Mwaka wa 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao mwanzoni haukueleweka. Walipochunguza chakula chao, wataalamu waliona ya kwamba sumu ilikuwa katika mashudu ya njugu yaliyotoka Brazili, nayo ilitokana na kuvu. Hapa kwetu, mwaka wa 2004, Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu waliugua kwa kula mahindi yenye sumu iyo hiyo: wagonjwa 317, na katika hao 125 wakafa. Yale yalikuwa mahindi, sisi tunasema juu ya njugu, lakini kuvu ni lile lile, nalo huota ghalani pale mazao yanapohifadhiwa kabla hayajakauka vizuri.

Jambo la kushika ni hili: kukaanga hakuondoi sumu yote. Hupunguza kiasi fulani, lakini njugu mbaya ikikaangwa hubaki kuwa njugu mbaya, sasa imefichwa ndani ya sukari ambamo ulimi hautaionja. Ukiionja moja na ni chungu, iteme. Ukiona gunia lina harufu ya uvundo, au zilizoharibika ni nyingi kuliko nzima, liache gunia zima, wala usijidanganye kwa kuchagua.

Tena zile ulizotoa usimtupie kuku, wala usimpe ng'ombe wa maziwa. Kuku huweza kufa kwa sumu hii. Ng'ombe hafi upesi, lakini sehemu ya sumu hupita katika maziwa, nayo maziwa hayo humrudia mtoto yule yule uliyetaka kumkinga. Zifukie au zichome mbali na nyumba, na usikae kwenye moshi wake.

Njugu safi zikishapatikana, zikaange polepole katika karai, ukizigeuza bila kuacha, mpaka maganda mekundu yaanze kutoka yenyewe. Zipoe kidogo, zisugue kwa viganja, pepeta maganda yaende na upepo. Pima vikombe vitatu vya njugu, na vikombe viwili vya sukari. Paka sinia samli au mafuta, na kisu pia, sasa hivi, kwa sababu baadaye hutakuwa na nafasi. Tia sukari katika sufuria nzito bila maji, juu ya moto mdogo. Itakaa kimya muda mrefu, halafu pembeni itaanza kulowa na kuyeyuka. Isogeze taratibu kwa mwiko mpaka yote iwe majimaji yenye rangi ya asali. Hapo usimwangalie mtu wala simu: kutoka rangi ya asali mpaka rangi ya lami ni muda wa kupiga chafya mara mbili. Tia njugu zote kwa pamoja na chumvi kidogo sana, geuza haraka, mimina kwenye sinia, sawazisha kwa mgongo wa kijiko kilichopakwa mafuta, na ukate ingali moto. Ikishapoa haikatiki, itavunjika ovyo. Kiasi hiki hutoa vipande 50 hivi vya kutosha kinywa kimoja. Kwa kuwa hapa hakuna maji ya kuchemka, kashata hii haijali mlima. Ipike Eldoret au Malindi, rangi ndiyo shahidi wako.

Watoto walio chini ya miaka minne au mitano wasipewe njugu nzima, maana hupalia. Waponde zao kwanza kwenye kinu.

Wenye sukari nguru wanaweza kuitumia badala ya nusu ya sukari nyeupe. Ina ladha nzuri zaidi, kwa maoni yangu, na harufu ya miwa hubaki ndani. Lakini huungua upesi, basi iponde vizuri na upunguze moto. Kwa simsim ni bora kabisa. Kaanga vikombe viwili vya simsim iliyopepetwa na kuchaguliwa vijiwe, mpaka ianze kurukaruka, changanya na kikombe kimoja cha sukari nguru iliyoyeyushwa na vijiko viwili vya maji, na ufinyange vidonge kwa viganja vilivyoloweshwa, ukisubiri kwanza ipoe kiasi cha kushikika. Jamaa wengine hutumia asali. Ni vizuri, ila vidonge vya asali hubaki laini na kunata, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asionjeshwe asali hata kidogo. Asali yaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga mpaka ashindwe kupumua.

Kashata ya nazi

Hii ni ya wenzetu wa pwani, ambao huila pamoja na kahawa chungu, na huipika kwa Idi kama sisi tunavyoipika kwa Krismasi. Watu wa Mpeketoni, Magarini na Kilifi wana nazi karibu. Wa bara atainunua sokoni, na aitikise kwanza: isiyolia maji ndani imekauka, na yenye unyevu kwenye macho yake matatu imeanza kuoza.

Kuna nazi kwa mbuzi, nyama nyeupe peke yake, mpaka upate vikombe viwili. Chemsha vikombe viwili vichache vya sukari na nusu kikombe cha maji. Hakikisha sukari yote imeyeyuka kabla ya kuchemka, na chembe zilizoshika ukingoni mwa sufuria zifute kwa kitambaa chenye maji kilichofungwa kwenye mwiko. Chembe moja ikianguka ndani ya shira iliyoiva huwaita wenzake, na kufumba na kufumbua sufuria nzima imekuwa chengachenga. Matone machache ya ndimu husaidia kuzuia jambo hilo. Shira ikifika kidonge laini katika maji baridi, tia nazi, iliki iliyopondwa, na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Koroga mpaka mchanganyiko uache kushika sufuria na kuanza kufuata mwiko. Mimina, sawazisha unene wa kidole, kata vipande vya pembe nne. Wanaopenda hugawa sehemu mbili na kutia moja rangi nyekundu kidogo. Watoto huigombania hiyo, ingawa ladha haikubadilika.

Nazi haikai sana. Kashata hii iliwe ndani ya juma moja, na pwani, penye joto na unyevu, mapema zaidi.

Tofi ya maziwa

Sasa wenye ng'ombe wasikilize. Ikiwa siku za sikukuu gari la maziwa la chama chenu halipiti, unabaki na maziwa ya jioni na ya asubuhi bila mnunuzi. Lita moja yake ikipikwa na vikombe viwili vya sukari hutoa tofi zaidi kidogo ya nusu kilo.

Maziwa yawe ya kukamuliwa leo. Yaliyoanza kugeuka yatakatika mara yanapopata moto. Maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, au aliyechomwa sindano na siku alizokutajia daktari wa mifugo hazijaisha, yasiingie katika tofi, maana moto hauondoi dawa yote. Sukari nguru nayo usiitie hapa, kwa kuwa hukata maziwa.

Tia maziwa, sukari, na robo ya kijiko cha chai cha soda ya kuokea katika sufuria kubwa kuliko unavyofikiri inahitajika. Soda huzuia maziwa yasikatike yanapozidi kuwa mazito, tena huleta rangi nzuri ya kahawia, lakini pia huyafanya yafure, na hapo ndipo wengi hulipikia jiko badala ya wageni. Moto uwe wa wastani. Kwa nusu saa ya kwanza waweza kukoroga mara kwa mara huku ukiongea na wageni. Yakishakuwa mazito kama uji, mazungumzo yaishe: koroga bila kuacha, ukikwangua chini, kwani maziwa yaliyoungua hupeleka moshi wake katika tofi yote. Kazi nzima huchukua zaidi ya saa moja, kwa hiyo tafuteni watu wawili wa kupokezana mwiko.

Pima kwa maji baridi. Ukipata kidonge laini, epua, tia kijiko kimoja cha siagi, na uipige kwa mwiko mpaka mng'ao wake upotee. Mimina kwenye sinia iliyopakwa mafuta, ingoje ishike, ukate. Ukipenda tofi ya kutafuna, endelea mpaka kidonge kigumu na usiipige. Baadhi ya jamaa hutia iliki, wengine mdalasini. Jamaa moja niijuayo hutia kahawa nyeusi kijiko kimoja, na sitawaambia wengine waache.

Andika mapishi ya nyanya

Kama nyanya au mama mkwe wako angali hai na anajua kashata yake, Krismasi hii yafaa umkalishe jikoni, uchukue daftari na mizani. Usimwulize vipimo, kwa kuwa atakwambia, "Sukari ya kutosha." Mwache achote kama alivyozoea, kwa kiganja au kwa mkebe wa Kimbo, lakini kabla hajamimina mwombe aweke kwenye mizani, uandike. Atacheka, lakini atakubali. Kisha angalia anaposema "tayari", udondoshe shira ile katika kikombe chako cha maji, uandike kidonge kilikuwa cha namna gani. Ukiisha kupata mambo hayo mawili, uzito na kidonge, mapishi yake yaweza kuhamia skimu yoyote.

Waliobahatika kuwa na madaftari ya zamani watakuta vipimo vya ratili, wakia na painti. Ratili moja ni karibu gramu 454, wakia karibu gramu 28, na painti moja hupita nusu lita kidogo, mililita 570 hivi. Andika hesabu mpya pembeni kwa kalamu, usifute ya zamani.

Na uandike jina la aliyekufundisha juu ya ukurasa, na mahali alipotoka. Sisi makarani tumeona mafaili mengi ambayo kila kitu kimo ila habari za mwenyewe.

Kuhifadhi

Sukari hunywa unyevu wa hewani. Kashata iliyokuwa kavu asubuhi, ikiachwa wazi siku ya mvua, jioni hunata. Ipoe kabisa kwanza, ifungwe kipande kwa kipande katika karatasi safi ya kuokea, iwekwe katika mkebe wenye kifuniko. Ya njugu hukaa majuma mawili au zaidi. Ya maziwa ni juma moja mpaka mawili mahali pa baridi. Walio pwani waivishe shira kidogo zaidi ya sisi wa bara, kwa ajili ya unyevu wa hewa yao. Gazeti lisitumike kufungia, hata hili unalolisoma: wino wake si chakula.

Wazee wenye ugonjwa wa kisukari watataka kuonja. Mpe mzee njugu zilizokaangwa bila sukari, umwekee kabla ya wengine kuanza, ili asikae akitazama sinia likipita.

Mwisho kuna sufuria. Usiikwangue kwa kisu wala kwa steelwool, utaiharibu bure. Ijaze maji, irudishe motoni mpaka ichemke, na sukari yote iliyoganda itayeyuka na kutoka yenyewe. Mwiko nao utumbukize humo humo, baada ya watoto kumaliza kazi yao.